Neno "Kusasisha" na Ulinzi wa Seva

Kizimbani, kisiwani Unguja, ni miongoni mwa mahali mikarafuu ilipopandwa mwanzoni mwa karne ya 19, na hata leo pana kituo cha utafiti wa kilimo. Mkulima wa huko hachanganyi kazi mbili: kukagua mti kama umeingia ugonjwa, na kuutia dawa. Mlinzi wa seva hana bahati hiyo, maana Kiswahili cha kompyuta kimempa neno moja, "kusasisha", nalo limebebeshwa kazi zote mbili.

Neno lenyewe si baya. Latokana na "sasa". Lakini katika seva zitumiazo Debian au Ubuntu, amri "apt update" haisakinishi kitu. Huleta tu orodha mpya ya programu zilizomo ghalani. Asakinishaye ni "apt upgrade". Mwanafunzi aliyefasiriwa ile ya kwanza kuwa "sasisha" huitoa amri, huona hapana kosa, kisha huenda zake akiamini kwamba mlango umefungwa. Afadhali ya kwanza iitwe "kukagua" na ya pili "kutia viraka", hata kama baadhi ya wataalamu wataliona neno kiraka kuwa la cherehani mno.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo WannaCry ikapenya kwa kasoro iyo hiyo, ikafunga majalada katika nchi nyingi na kudai fedha, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa muda wa karibu miezi miwili.

Ndiyo sababu ukaguzi hukabidhiwa mashine. Kwa kawaida Debian hupangiwa kukagua saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na kila seva huongezewa kwa bahati nasibu ucheleweshaji usiozidi saa 12, ili zote zisibishe hodi ghalani kwa pamoja. Saa hizo huandikwa 6 na 18. Mswahili aandikaye 12 akikusudia alfajiri atapata adhuhuri. Tena, ratiba ya cron hupitwa na zamu yake umeme ukizimika, na Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Ratiba ya systemd, ikiagizwa hivyo, hukumbuka zamu iliyopotea mara seva iwakapo.

Limebaki moja. Kiraka cha kiini cha mfumo hukaa diskini bila kufanya kazi mpaka seva iwashwe upya. Basi ripoti isemayo "imesasishwa" yaweza kuwa kweli, na kasoro ingali wazi.