Masta Hailali Nje

Wasee, tuanze na aibu. Nganya imetoka garage juzi. Graffiti kali, skrini kubwa, woofer zinatingisha mpaka mabati ya kibanda cha mathee wa mandazi. Mamilioni yameenda hapo. Halafu video inaingia na uso wa msanii ni maboksi tu, huku juu sound inalia chwiii. Mix ilishushwa na site ya bure, ikatumwa WhatsApp, ikashushwa tena. Imechoma mbaya.

Buda wa ploti atakushow, "Lakini si inaonekana?" Huyo ni msee alinunua TV na bado hajatoa nailoni kwa remote. Maoni yake tunapita nayo.

Form ni hivi. Kuna faili hazipotezi kitu: WAV na FLAC za sound, PNG ya picha. Kuna zile zinakata ndio zitoshe: MP3, JPEG na hiyo MP4 yako ya kila siku. MP3 ni mjanja, inatupa sauti zenye maskio yako hayangeshika juu kuna nyingine kubwa imezifunika. Ukiikaza sana inaanza kutupa hadi zenye unashika. WAV ya kiwango cha CD, 44.1kHz na 16 bit, inakula kama 10MB kwa dakika. Ngoma ya dakika tatu ni 30MB. Iweke MP3 ya 128kbps, inabaki 3MB hivi.

Hizo zingine zimeenda. Hazirudi. Kuna wasee wanachukua hiyo MP3 wanaigeuza WAV ndio waringie producer. Maze, umepata faili nono na sound ni ile ile konda.

JPEG nayo inagawa picha viboksi vya pikseli 8 kwa 8, inarahisisha kila kimoja. Fungua, paka filter, sevu. Fungua tena, ongeza jina, sevu. Kila raundi inakata upya. Hapo ndio poster ya sherehe inafika mtaani ikiwa na uchafu kando ya herufi. Editia kwa PSD ama PNG, JPEG utoe mara moja, mwisho kabisa.

Sasa hii wengi hawana rada. Video ya kawaida inaweka mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi ni moja kwa pikseli nne. Ndio maana jina lako kwa nyekundu juu ya black linatoka limemwagika kingo, na nyeupe inakaa safi. Designer hajakosea. Ni vile faili imejengwa. Nyekundu ni kali kwa T-shirt, kwa title ya 1080p weka nyeupe.

YouTube wenyewe wanapendekeza 8Mbps kwa 1080p ya fremu 24 mpaka 30, na 35 mpaka 45 kwa 4K. Sound, 384kbps. Ukiwapelekea 2Mbps ndio uokoe bando, bado watakata, juu wanakata kila kitu. Sasa wanakata makombo. Na kama ulishoot fremu 25, toa 25. Ukilazimisha 30, dansa ataruka kama ameguswa na stima.

WhatsApp? Ukituma kama video ya kawaida, inafinywa. HD ni afadhali, lakini bado inafinywa. Tuma kama document, mpaka 2GB inapita vile ilivyo. Director anakutumia final cut kwa status, huyo mwambie akae na buda wa "si inaonekana".

Ngori kubwa iko kwa kusevu projekti yenyewe. Faili ya Premiere haina video ndani. Ina ramani tu: clip iko wapi, imekatwa wapi. Beba hiyo pekee uende base ya beshte, utafungua upate skrini nyekundu imeandika media offline mbele ya client. Tumia Project Manager ikusanye kila kitu kwa folda moja. FL Studio, export zipped loop package, samples zinaingia zote. Halafu toa stems za WAV pia, juu plugin ya leo mwaka ujao inaweza kataa kufunguka.

Doo? Ndio, storage ni ghali. SSD inauma, najua. Hard disk ya kuzunguka ni polepole lakini bei inashikika, na ya kuweka masta inatosha. Nunua mbili. Moja keja, moja kwa sistako, mahali mwizi hawezi beba zote usiku mmoja. Ile flash ya bei ya chips mwitu pale stage usiweke masta. Weka movies.