Kimea Si Majani ya Chai

Kila nikifika Kahama au Katoro kufundisha utengenezaji wa pombe ya nyumbani, sijakaa vizuri swali limeshaniwahi: "Mtaalamu, nimimine maji yanayochemka kiasi gani ili kimea kitoe utamu wote?" Mwezi huu pekee nimeulizwa mara nne. Usimimine hata kikombe.

Majani ya chai yana rangi na ladha yake tayari, maji moto yanazitoa tu. Kimea hakiko hivyo. Sehemu kubwa ya sukari unayoitafuta bado haijakuwa sukari. Ni wanga, na pembeni yake kuna vimeng'enya vya kuugeuza. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 70 za joto. Shinyanga iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiyamwaga juu ya unga wa kimea, umeviua kabla havijaanza kazi.

Najua nitakachojibiwa: "Mbona uji wangu ulikuwa mzito, tena una utamu?" Utamu huo ni sukari kidogo iliyojitengeneza nafaka ilipokuwa inachipua. Na huo uzito unaojivunia ndio unaokuumbua, maana ni wanga uliofunguka ukakosa wa kuukata. Kimea kikifanya kazi, uji unalainika. Anayekoroga anasikia mwiko ukiwa mwepesi mkononi. Pombe inayotokana na uji mzito hutoka hafifu na huchacha upesi, kisha mtu anatia kilo mbili za sukari ya dukani na kusema amepata dawa. Amenunua kwa fedha kitu alichokuwa nacho kwenye ndoo.

Katoro nilimwomba mama mmoja agawe unga wake wa kimea mara mbili. Nusu alitia kwenye maji yanayochemka, nusu kwenye uji wa mtama uliopoa hadi nyuzi 65. Baada ya saa moja tukaweka kijiko cha kila kimoja kwenye sahani nyeupe, tukaacha vipoe, maana joto huficha rangi, halafu tone la iodini ya duka la dawa. La kwanza likawa jeusi kama masizi. La pili likabaki na rangi ya iodini yenyewe. Mama aliiangalia ile sahani muda mrefu, akauliza ni debe ngapi amepoteza tangu aanze biashara.

Mtama una ugumu wake. Wanga wake huhitaji joto la karibu nyuzi 70 na zaidi ili ufunguke, na kwenye joto hilo baadhi ya vimeng'enya vimeanza kufa. Ndiyo maana bibi zetu walipika uji wa unga wa mtama kwanza, wakauacha upoe, ndipo wakatia kimea. Hiyo ni kemia sahihi kabisa, na inaniuma kuona tunaiacha kwa haraka ya kuwahi wateja wa machimboni. Viwanda vinavyotumia mtama usiooteshwa hununua vimeng'enya kwa fedha. Wewe unavyo bure.

Sasa kusuuza. Mchimbaji wa Geita hatupi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sababu anajua dhahabu imebaki humo. Onja machicha yako: yakiwa matamu, bado hujamaliza. Njia rahisi ni kuchuja maji ya kwanza, kuongeza maji ya nyuzi 75 hivi (sehemu tatu za yanayochemka kwa moja ya baridi), kukoroga, kungoja dakika kumi, kuchuja tena. Njia ya pili ni kunyunyiza maji hayo polepole juu huku yakitoka chini, kama saa nzima. Ya tatu ni mfuko wa kitambaa, unakamua basi. Usipite nyuzi 80, utatoa uchungu wa maganda. Mwenye haidromita na kimea cha shayiri: kilo 4 kwa lita 20 zikisoma 1.045 umefanya vizuri. Chini ya 1.035, angalia usagaji kwanza. Shayiri ipasuliwe tu, isiwe unga, kwa kuwa maganda yake ndiyo chujio. Mtama hauna maganda hayo na huziba ndoo. Changanya pumba ngumu za mpunga zilizooshwa, konzi mbili kwa kila kilo. Kahama zimejaa nje ya kila mashine ya kukoboa.