Wahamasishwe Wafanye Nini?

Mjini Voi niliona tangazo la "mkutano wa kuwahamasisha wananchi kuhusu ndovu". Nililisoma mara mbili. Mkulima wa Sagalla, anayekesha kibandani akiyalinda mahindi yake dhidi ya ndovu watokao mbuga ya Tsavo, ahamasishwe nini kuhusu mnyama huyo? Yeye ndiye angemfunza mwenye mkutano.

Hamasa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko hubeba maana ya ushujaa na moto wa moyoni. Katika karne ya 9, mshairi Abu Tammam alikusanya diwani ya mashairi ya Waarabu iliyopata jina la Hamasa kutokana na mlango wake wa kwanza, uliohusu ushujaa. Kiswahilini vita vimesahaulika ila joto limebaki. Si sawa na bashasha, ambayo huonekana usoni na kuishia papo hapo. Mwenye hamasa huinuka akatenda.

Kwa hiyo kitenzi hamasisha hudai tendo mbele yake: twawahamasisha vijana wapande miti. Aliyepewa habari tu amefahamishwa, ameelimishwa, pengine amezinduliwa. Maneno hayo tunayo tele, sijui kwa nini maofisi yetu yameyachoka.

Nitaambiwa kwamba lugha hukua. Naam, hukua. Lakini ripoti ikisema wakulima "wamehamasishwa", aisomaye akiwa mbali hudhani wameamka kutenda, kumbe walikalishwa juani wakahutubiwa, na usiku ule ule ndovu wakarejea shambani.

Huko huko Sagalla wapo wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Asali nayo huuzwa. Jirani aonaye mahindi ya mwenzake yamesalimika, akaanza kuulizia mizinga, huyo ndiye aliyehamasika, tena bila hotuba.

Kwa watahiniwa: hamasa imo katika ngeli ya I-ZI, hivyo husemwa "hamasa yao imepanda", wala si "hamasa wao". Mwalimu mmoja aliniuliza iwapo "kuhamasisha kuhusu" katika insha lipigiwe mstari mwekundu. Mimi ningelipigia, kisha pembeni nimwandikie mwanafunzi: wahamasishwe wafanye nini?