Jembe na mteremko

Anayeutazama mkoa wetu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa mbali hudhani mkulima hapa anakosa trakta tu. Na aje Mususa, hapa Butembo, aongozane alfajiri na akina mama wanaokwenda shambani. Vigimbi vikishaanza kumuuma ataelewa. Kwenye milima hii trakta ingefika bondeni kabla ya dereva wake.

Lakini jembe nalo lisisifiwe ovyo. Mtazame mama anavyolima mteremko: anaanzia chini, uso kauelekeza mlimani, anapiga na kuvuta udongo miguuni pake. Hivyo mgongo wake hauchoki sana. Ila kila pigo linashusha udongo kidogo, na kwa kuwa tuna misimu miwili ya kupanda, shamba linashushwa mara mbili kwa mwaka. Miaka ikipita, kule juu unabaki udongo mwekundu usioshibisha hata maharage, na jirani wa chini anasifiwa kwa bidii. Tunailaumu mvua peke yake.

Shamba la namna hiyo linataka matuta yaliyokingama mteremko, mabingobingo kwenye kingo, na udongo kuvutwa kuelekea juu kila inapowezekana. Wabelgiji walilijua hilo, wakaamrisha mitaro ichimbwe kwa shuruti. Baada ya uhuru wa 1960 mingi ikaachwa ifukiwe. Huko Uluguru, Tanganyika, Waingereza nao walilazimisha matuta ya ngazi hata penye udongo mwembamba. Ngazi zikafukua udongo usio na rutuba, na mwaka 1955 watu wakafanya ghasia. Wamatengo wa Mbinga, katika nchi hiyohiyo, wamechimba ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, milimani vizazi na vizazi bila kusimamiwa na ofisa yeyote.

Bondeni mambo yanageuka. Penye kinamasi adui ni maji yanayotuama, kwa hiyo udongo unainuliwa kuwa vitanda, na mifereji inapita katikati. Kuelekea Beni, penye kakao na visiki vya msitu, panga linatosha. Kulima chini ya mkakao ni kuikata mizizi yake ya juujuu. Tambarare ya Semuliki ingefaa plau ya ng'ombe, kama Wateso wa Uganda walivyozoea tangu zamani. Ila tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014, mkulima wa Beni anajiuliza kwanza kama atarudi nyumbani jioni. Aina ya jembe ni swali la baadaye.

Kwetu Butembo kikwazo mara nyingi ni mkataba. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hachimbi mtaro; atauchimbia nani? Wewe mwenye shamba, unayelalamika kwamba wapangaji wanakuharibia ardhi, mpe mtu miaka 3 au 4 kwa maandishi, kisha ndipo umdai matuta.