Kimya cha Tangazo: Matangazo ya Reli ya Japani katika Televisheni na Safari ya Desemba kwenda Tarakea

Makala haya yanaeleza sifa moja ya matangazo ya televisheni ya mashirika ya reli ya Japani, nayo ni kile ambacho matangazo hayo hayakisemi. Mengi kati ya yale mashuhuri hayataji nauli, hayataji saa ya kuondoka, wala hayamwelezi abiria atafikaje nyumbani baada ya kushuka stesheni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kimya hicho hakitokani na mtindo wa kisanaa pekee. Kinabebwa na mtandao wa reli ambao mtazamaji anao tayari. Ili hoja hiyo ionekane bayana, matangazo hayo yanasomwa kutokea mahali ambapo mtandao wa namna hiyo haupo: Tarakea, wilayani Rombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, jirani na mpaka wa Kenya.

Dhana inayoongoza usomaji huu ni ya Roland Barthes ambaye, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kwamba maneno yanayoandamana na picha huwa kama nanga: huizuia picha isielee katika maana nyingi. Kwa mantiki hiyo, tangazo lenye maneno machache ni tangazo linaloamini kwamba nanga imekwisha kutiwa mahali pengine, ama katika mazoea ya hadhira au katika mazingira yake.

Chanzo cha mkondo huu ni mwaka 1970. Treni za mwendo kasi kati ya Tokyo na Osaka zilikuwa zimeanza mwaka 1964, na Maonesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yalileta wasafiri wengi mno. Maonesho yalipokwisha, viti vilihitaji watu. Shirika la Reli la Taifa likaanzisha kampeni iliyoitwa Discover Japan, ambayo haikuhimiza kwenda mahali fulani bali ilihimiza kusafiri kwenyewe, na likadhamini kipindi cha televisheni cha safari katika mwaka huohuo. Shirika hilo lilipogawanywa Aprili 1987, kampuni zilizolirithi ziliendeleza lugha hiyo ya hisia. Tangazo la JR Tokai la mwaka 1989, katika mfululizo wa X'mas Express, ndilo linalotajwa zaidi: msichana, aliyeigizwa na Makise Riho, anakimbia na zawadi mkononi katikati ya umati wa stesheni, kisha anajificha nyuma ya nguzo amsubiri mpenzi wake. Wimbo unaosikika, wa Yamashita Tatsuro, ulikuwa umetoka mwaka 1983, lakini ulifika nambari ya kwanza nchini humo Desemba 1989. Treni yenyewe haionekani sana. Kinachouzwa ni kukutana.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa mjadala huu. Tarehe 20 Februari 2011, kampuni ya JR Kyushu iliendesha treni katika njia yake mpya baada ya kuwaalika wakazi wajitokeze kandokando ya reli na kuipungia mikono. Kamera zilikuwa ndani ya treni. Maelfu walijitokeza, wengine kwa mavazi ya ajabuajabu, na picha zao zikawa tangazo la ufunguzi uliopangwa Machi 12. Siku moja kabla, Machi 11, tetemeko na tsunami viliipiga kaskazini mashariki ya Japani, na tangazo likaondolewa hewani. Hata hivyo, watu waliendelea kulitazama katika intaneti, wakapata ndani yake faraja ambayo watengenezaji hawakuikusudia.

Kilimanjaro ina picha inayokaribiana na hiyo. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani, na mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha na Reli ya Kati, hivyo Dar es Salaam na Moshi zikawa katika mtandao mmoja. Huduma ya abiria ilikufa katika miaka ya 1990. Ni muongo huohuo ambapo vituo vya televisheni vilianza Tanzania Bara, kuanzia mwaka 1994. Treni na televisheni, kwa hiyo, zilipishana mlangoni: kizazi kilichokua kikitazama matangazo ya sabuni na vinywaji hakikupata kuona treni ya kaskazini ikijitangaza. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya takribani robo karne, wananchi walikwenda stesheni kuipokea. Hawakuwa wameitwa na mtengeneza filamu, na picha zao zilirushwa kama habari. Kwa macho ya mtazamaji aliyeko Dar es Salaam, tofauti kati ya habari ile na tangazo la Kyushu ni ndogo.

Tena habari hiyo ilikuja katika mwezi wenye maana yake. Watanzania huwatania Wachaga kwamba Desemba wanakwenda nyumbani “kuhesabiwa”. Utani huo umejengwa juu ya jambo la kweli: kihamba ndipo yalipo makaburi ya wazee, ndipo mbuzi anapochinjwa na mbege kunyweka, na asiyeonekana huulizwa. Hamu ambayo JR Tokai ililazimika kuipamba kwa wimbo na nguzo ya stesheni, hapa ipo bila tangazo lolote. Ndiyo maana mabasi hujaa hata vibali vya muda vikahitajika, na mpiga debe hana haja ya kushawishi; anataja tu majina: Himo, Marangu, Mkuu, Tarakea.

Orodha hiyo ya mpiga debe ndiyo nanga ambayo picha ya Moshi haina. Msichana wa mwaka 1989 akitoka stesheni, mtazamaji wa Kijapani anajua kwamba kuna treni ndogo, basi la mtaa na ratiba iliyobandikwa. Kutozitaja hakumpunguzii kitu. Abiria wa Tarakea anaposhuka Moshi na mizigo ya sikukuu, bado ana safari ya barabara ya kuuzunguka mlima, na reli haikupata kamwe kupanda Rombo. Basi linalomchukua moja kwa moja kutoka Dar es Salaam linamfikisha karibu zaidi na mgomba wake. Tangazo la reli litakaloiga kimya cha Wajapani kwa hadhira hii litakuwa linanyamazia kile hasa ambacho abiria anauliza: nikishuka Moshi, nitapanda nini, saa ngapi, na kwa nauli gani hadi Tarakea?