Mayi ya Kafubu inafika ku Muanda

Baba mukubwa wangu alitumika miaka mingi chini ya udongo, ku Kipushi. Siku zote waliambiwa: mukuba unaenda ku bahari. Na kweli uliendaka: kwa treni mupaka Lobito kule Angola, kwa njia ya Dar es Salaam, ao ya Durban. Yeye mwenyewe hakuiona bahari hata siku moja.

Lakini Kongo yetu iko na bahari yake. Ni kidogo, kilometa 37 hivi, ku mwisho wa Kongo Central. Mwaka huu tulipanda ndege mupaka Kinshasa, kisha gari, zaidi ya kilometa 500: Matadi na kilalo chake kikubwa cha 1983, Boma iliyokuwa muji mukubwa wa inchi mbele ya Kinshasa, halafu Muanda.

Ukiacha muji nyuma, unabaki na muchanga murefu, ukuta wa udongo nyuma yake, na mawimbi ya Atlantika mbele. Mawimbi ni makali: watoto wasioge peke yao. Yanakula udongo pia, na nyumba zilizo karibu na ukuta ziko mu hatari. Mu miezi ya mvua, kobe wakubwa wa bahari wanapanda usiku kutaga mayai mu muchanga. Ku Banana, pale muto Kongo unaingia mu bahari, mapori ya mikoko inalindwa na serikali tangu 1992.

Baba mukubwa alivua viatu, akaingia mu mayi mupaka magoti.

"Mwana, bahari njo iko na matope hivi?"

"Baba, ile ni muto Kongo. Kafubu yetu inaingia mu Luapula, Luapula mu ziwa Mweru, kisha Luvua, Lualaba, mupaka hapa. Ile mayi inatokaka ku kwetu."

Alinyamaza. Kisha akauliza: "Basi yote tulikuwaka tunamwanga mu Kafubu, huku njo ilikuwa inafika?"

Nilikosa jibu.

Safari ni bei kali, na inaomba wiki nzima. Anayekuwa na ndugu ku Kinshasa apange naye mapema. Baba mukubwa alirudi na chupa moja ya mayi ya Muanda. Iko juu ya meza yake. Wajukuu wakiuliza, anawaelezea njia yote, kuanzia Kafubu.