Bawaba ya mfuniko wa pipa ikikatika, itengeneze mwenyewe



Karibu kila nyumba yetu ina pipa la maji. Bomba hukauka saa yo yote, na mwenye akili huweka akiba. Wengi wametengenezea pipa lao mfuniko wa mbao wa vipande viwili: nusu moja inakaa mahali pake, nusu ya pili inainuliwa kwa bawaba, ile ambayo mafundi wetu wanaiita sharniere. Ni mfuniko mzuri sana. Ubaya wake ni mmoja tu: bawaba hukatika. Siku inapokatika, baba anaitoa ile nusu, anaiegemeza ukutani na kusema: «Nitatengeneza Jumapili.» Jumapili inapita, na nyingine tena. Pipa linabaki wazi.

Mtauliza kwa nini mtu wa dispensere anaingia katika kazi ya seremala. Sababu ziko tatu, na ya kwanza ndiyo kubwa.

MTOTO ANAYEZAMA HAPIGI KELELE

Pipa la lita 200 lina kimo cha sentimita 88 hivi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akipata tofali au ndoo ya kupandia, anafika juu. Anataka kuchezea maji, anainama. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko miguu yake. Akishapita ukingo, anaingia kichwa chini, na hana nguvu ya kujigeuza. Kinywa chake kimo ndani ya maji, hawezi kulia. Mama yuko hatua kumi, anapika, hasikii neno. Dakika chache zinatosha. Wala msiseme: «Pipa letu lina maji nusu tu.» Maji yakiwa chini, mtoto anainama zaidi ili ayafikie.

Sababu ya pili ni uchafu. Katika pipa lililo wazi vinaingia vumbi, panya, na mikono ya watoto waliotoka kucheza. Mji wa Lubumbashi uliona kipindupindu mwaka 2008 na tena mwaka 2013. Maji yaliyotoka bombani yakiwa safi yanaweza kuharibika nyumbani, kwa kopo moja chafu. Kopo la kuchotea liwe na mkono mrefu, litundikwe kwenye msumari, lisiwekwe chini.

Sababu ya tatu ni mbu. Hapa tuseme kweli: mbu wa malaria anapenda zaidi vidimbwi vya nje vyenye jua, kufunika pipa hakuondoi kazi ya chandarua. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo anapenda hasa maji tunayoweka nyumbani. Ndiye anayebeba homa ya manjano, iliyofika Kinshasa mwaka 2016, na chikungunya, iliyowaumiza watu wa Kinshasa na Kongo Central viungo mwaka 2019. Mayai yake hushikamana na ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Mara moja kwa juma sugueni ukuta wa ndani kwa brosi, maana toka yai mpaka mbu mwenye kuruka ni siku saba mpaka kumi tu wakati wa joto.

KWA NINI BAWABA INAKATIKA

Mvuke wa maji hupanda usiku na mchana, unagusa chuma, kutu inakula. Visi nazo zinakaa katika mbao iliyolowa. Mbao inalegea, visi zinatoka. Mkiweka bawaba nyingine ya chuma kwa visi zile zile, katika mashimo yale yale, mwakani mtaanza tena. Bawaba ya shaba ya njano haili kutu namna hiyo, lakini bei yake si ya kila mfuko, hata kwetu sisi tunaoishi juu ya shaba.

Mimi nasifu bawaba ya mpira. Pateni mpira wa ndani wa gurudumu la kamioni, ule usiofaa tena kuzibwa. Kateni kipande chenye upana wa sentimita 8, na urefu sawa na ule mstari ambapo nusu mbili za mfuniko zinakutana; kwa pipa la lita 200 ni karibu sentimita 60. Kioshwe kwa sabuni, kikaushwe juani siku mbili tatu. Faida yake kuliko chuma ni hii: bawaba mbili za chuma zinaacha ufa katikati, na mbu hahitaji mlango mkubwa. Mpira unafunika ufa wote toka mwanzo mpaka mwisho.

Ondoeni mfuniko wote juu ya pipa kabla ya kuanza, na pipa lifunikwe kwa kitambaa safi. Kutu na unga wa mbao visiingie majini. Ng'oeni bawaba ya zamani. Visi ikikataa, tieni tone la mafuta, mngoje. Mkiilazimisha, turnevisi itateleza na kuingia kiganjani. Tunaona viganja vya namna hiyo. Aliyejichoma kwa chuma chenye kutu aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aje dispensere tuangalie chanjo yake ya tetanosi.

Laza nusu mbili juu ya meza, zigusane sawasawa. Weka mpira upande wa JUU, si upande wa maji, sentimita 4 huku na 4 kule. Juu ya mpira, kila upande, weka ubao mwembamba kama rula ili mpira usichanike. Toboa mashimo mapya, mbali na yale ya zamani, bulo tano kila upande. Kichwa cha bulo kiwe chini, ekru na rondele ziwe juu, mahali unapoziona na kuzikaza. Msitumie misumari: katika mbao yenye maji msumari hutoka wenyewe.

Kazi haijaisha. Ile nusu isiyofunguka lazima ifungwe kwenye pipa kwa waya mnene, ama sivyo mtoto atasukuma mfuniko mzima na bawaba yenu nzuri pamoja nao. Nusu inayofunguka ipate ndoano ngumu upande wa nyuma, mbali na mkono wa mtoto. Wengine wanaweka jiwe juu ya mfuniko. Jiwe ni la kuangukia vidole vya miguu. Wengine wanafunika kwa kioo cha dirisha. Kikipasuka, vipande ndani ya maji havionekani, na mtu anaweza kuvimeza.

PIPA LENYEWE NI LA NINI?

Wafanyakazi, neno hili ni lenu. Msilete nyumbani pipa lililokuwa na dawa za kiwandani: xanthate ya kuelezea madini, asidi, mafuta ya kutenganishia shaba. Hata lioshwe mara kumi, si la maji ya kunywa. Na msipeleke pipa la mafuta au petroli kwa mtu wa suduri ili alikate au aunge bawaba ya chuma. Pipa «tupu» lina mvuke ndani yake. Cheche ikiingia, linapasuka kama bomu. Bawaba ya mpira haihitaji moto wo wote.

MTOTO AKIKUTWA NDANI YA PIPA

Mtoe upesi, mlaze chali mahali pagumu, ita watu. Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo: unapoteza wakati, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kama hapumui, inua kidevu chake, mpulizie pumzi 5 kinywani, mpaka uone kifua kinapanda; kwa mtoto mchanga, kinywa chako kifunike kinywa na pua yake pamoja. Asipojitikisa wala kupumua, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa upesi, kisha pumzi 2, tena 30, tena 2. Kwa mtoto mchanga vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake, kwa mkubwa kidogo kiganja kimoja. Usiache mpaka apumue au waganga wafike.

Hata akiamka, akalia, akaomba chakula, apelekwe hospitali siku ile ile. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzibia pumzi saa chache baadaye, wakati watu wote wamekwisha kulala.